Siku Mwalimu Banub Alipokuwa Mpole

Nilimdunga Mwalimu Banub sindano asubuhi na jioni kwa miaka minne, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia asante. Alichoniambia ni kwamba nina mkono wa mchuna ngozi, kwamba nashuka ngazi kama ngamia aliyebebeshwa mawe, na kwamba chai yangu inafaa kuoshea miguu. Natia dawa, nangoja ale, naondoka nikisaga meno. Majirani walisema mimi nitaingia mbinguni na viatu vyangu. Wao walikuwa wanaona mikono tu. Yaliyokuwa moyoni mwangu nayajua mimi, na hayakuwa ya mbinguni.

Alikuwa kipofu tangu utotoni, kama walivyokuwa waimbishaji wengi wa zamani wa kanisa letu la Kikopti. Nyimbo zetu za kale zinakaa kifuani mwa mtu, si kitabuni, naye alizipokea kwa mwalimu wake neno kwa neno, kwa fimbo. Kuna nyimbo ambazo neno moja linavutwa robo saa nzima, sauti ikipanda na kushuka humo ndani, na ukidhani imepotea, inarudi. Hapa Mallawi, mji wetu wa Misri, hakuwepo mwingine aliyekuwa nazo zote. Shemasi Yustus, mhandisi wa maji mwenye sauti nzuri, alikuwa anajifunza kwake mwaka wa tisa, na bado aliitwa bata.

Mume wangu Lamii ndiye aliyekuwa akimsomea gazeti kila alasiri, pale mlangoni kwake, ghorofa ya chini ya jengo letu. Kwa hiyo Lamii alipofariki nilitegemea heshima kidogo. Sikuipata. Katikati ya wimbo wa maziko, jeneza liko mbele ya pazia la madhabahu, mimi nimeshikwa huku na huku, Mwalimu Banub aligonga fimbo yake sakafuni.

"Simameni! Mmekosea. Hapo inapanda, haishuki. Rudieni!"

Mashemasi wakarudia. Wakakosea. Akagonga tena. Mara mbili alisimamisha maziko ya mume wangu, na mji mzima unasikiliza. Machozi yalinikauka palepale, sikulia siku ile wala baadaye. Lile kosa na sahihisho lake viliniganda kichwani. Mimi ambaye hata mtoto wangu Wisa alikuwa akilia zaidi nikimwimbia alale, naweza kukuimbia vyote viwili mpaka leo.

Mwaka haujapita, Matilda, dada yake Mwalimu aliyekuwa akimtunza, naye akafariki. Mwalimu alikuwa na kisukari, na katika jengo letu mimi peke yangu ndiye niliyejua sindano, maana niliwahi kuwa msaidizi wa zahanati. Padri wetu, Abuna Abadir, akapanda ngazi mpaka kwangu, akakaa, akanywa chai, akaomba. Ningemwambia nini? Ndivyo nilivyoanza.

Kwaresima ya mwaka wa nne nikaenda kuungama.

"Abuna, nimechoka na Banub. Namdunga huku namchukia."

"Unamdunga panapotakiwa?"

"Ndiyo."

"Kipimo sawasawa?"

"Sawasawa."

"Unangoja mpaka ale?"

"Nangoja."

"Basi upendo ndio huo, Mama Wisa. Ule mwingine wa moyo kuyeyuka tuwaachie wenye nafasi."

"Abuna, usinifanyie mzaha. Nimekuja na dhambi."

Akachezea msalaba wake wa mkononi. "Anayependeka kila mtu atampenda," akasema. "Hata Pilato alikuwa na marafiki. Bwana wetu aliwafia watu waliokuwa wanamtemea mate, wala hakungoja waoshe nyuso kwanza. Lakini siwezi kukulazimisha. Ngoja Pasaka ipite, nitatafuta mtu mwingine."

Tukapatana. Sindano yangu ya mwisho itakuwa Jumamosi ya Nuru, kesho yake ni Pasaka. Nikatoka pale nimekuwa mwepesi, nikihesabu siku.

Sasa sikiliza jambo moja, maana ndilo lililotaka kumuua mtu. Dawa ile ya kudunga inashusha sukari mwilini. Aliyedungwa asipokula, sukari inaendelea kushuka. Kwanza anatoka jasho, kisha akili inamhama, kisha anazimika, na asipowahiwa haamki. Ndiyo maana nilikuwa na desturi yangu: namdunga, navuta kiti, nakaa, namsikiliza akitafuna mpaka mwisho, ndipo naondoka. Hata siku ya Ijumaa Kuu, siku ambayo kwetu hakuna anayeonja hata maji mpaka jua lizame, Abuna alikuwa amemwamuru Mwalimu ale. Ulikuwa mgogoro wa kila mwaka, na kila mwaka alikula, akinitukana kati ya tonge na tonge.

Ijumaa Kuu ile nilishuka mapema na maharage na mkate. Nikamdunga. Nilikuwa navuta kiti aliposema:

"Nimesikia unaniacha."

"Nani kakwambia?"

"Kipofu haambiwi. Nenda zako. Kwani wewe unajua kumtunza mtu? Mwanamke aliyeshindwa kulia kwenye maziko ya mumewe! Nilitega sikio siku ile. Hukutoa hata sauti ya paka."

Hapo ndipo aliponifikisha. Miaka minne nilikuwa nimeyameza yote, lakini hilo halikupita kooni.

"Kula au usile, shauri yako!" nikamwambia. Nikakibamiza kile kiti ukutani, na mlango nikaubamiza zaidi. Hasira hasara, methali hiyo niliikumbuka kabla sijafika ngazi ya tatu. Nikaendelea kupanda.

Kanisa lilikuwa limevikwa nyeusi kila nguzo. Katika Wiki ya Mateso pazia la madhabahu linafungwa, na mashemasi wanasimama chini katikati ya watu, wanaume kushoto, wanawake kulia. Yustus alimleta Mwalimu kwa mkono akamkalisha kwenye kiti chake karibu na meza ya kusomea. Mimi nilikaa safu ya tatu na jirani yangu Inshirah, ambaye hunong'ona kuanzia zaburi ya kwanza mpaka baraka ya mwisho. Nilimtazama Mwalimu, nikajiambia, amekula, si mtoto. Saa sita, wakati wa kusulubiwa, nikamsikia akimwambia Yustus, "Unaimba au unapiga miayo, wewe bata?" Moyo wangu ukatulia. Alikuwa yuleyule.

Ilipokaribia saa tisa, Yustus alikosea. Alikosea vibaya, mpaka sisi wanawake tulisikia. Kanisa zima likakunja mabega kungoja fimbo. Fimbo haikugonga. Mwalimu Banub aligeuza uso wake kwa Yustus, akatabasamu.

"Vizuri sana, mwanangu," akasema. "Sauti yako tamu. Mungu akubariki."

Watu walitazamana. Bibi mmoja mbele yangu alifuta machozi. Inshirah akaniegemea sikioni:

"Umeona? Mateso ya Bwana yamemlainisha. Hata jiwe linalainika!"

Mimi nikanyoosha shingo nimwone vizuri. Shemasi mmoja akajikwaa kwenye kiti cha Mwalimu, na Mwalimu akasema, "Samahani, ndugu yangu, kosa langu." Kosa lake! Mtu huyu hakuwahi kuwa na kosa tangu azaliwe. Watu mia tano mle ndani walikuwa wanamshukuru Mungu kwa muujiza. Mimi peke yangu, niliyetukanwa mara mbili kwa siku miaka minne, nilijua kwamba yule aliyeketi pale hakuwa Banub. Ilikuwa sukari inashuka. Hakuwa amekula, na sababu ya kutokula ilikuwa mimi, na mlango wangu.

Na sasa niseme lile ninaloona haya kulisema. Sikuinuka. Zaburi ilikuwa inasomwa, nami nikakaa. Kuna sauti ndani yangu ilisema, si alikwambia uende zako? Ikasema, hakuna atakayejua. Ikasema, kesho hutakuwa na wa kumdunga, utalala mpaka jua lichomoze. Sauti hiyo haikuwa ya shetani mwenye pembe, ilikuwa yangu mwenyewe, naijua ninavyoijua kandambili yangu. Nikakaa nayo zaburi nzima, nikimtazama mzee akichezesha vidole hewani kama anatafuta kitu mezani.

Zaburi ilipoisha nikainuka.

"Unakwenda wapi?" Inshirah akanivuta nguo. Nikamnyang'anya nguo yangu.

Katikati ya kanisa mzee Zakhari, mpanga watu, alinyoosha mkono. "Mama Wisa, upande wa wanaume huu."

"Upande naujua, mzee. Nipishe."

Nikamshika Mwalimu kiganja. Kilikuwa baridi na kimelowa, na kola ya kanzu yake imelowa pia.

"Mwalimu, ulikula maharage?"

"Nilikula, binti yangu. Matamu sana. Mungu akulipe."

Binti yangu! Maharage yangu matamu! Hapo nilijua tuna dakika, si saa. Peremende za kumpa sukari ikishuka huwa natembea nazo, ila mfuko nilikuwa nimeuacha mezani kwake asubuhi kwa hasira. Nikawauliza waliokuwa karibu, nani ana kitu kitamu? Wakanitazama kama nimetukana. Ijumaa Kuu nani angebeba kitu kitamu? Jiko la ukumbi lilikuwa na kufuli. Zahanati imefungwa. Nikakimbia nje, mwanamke wa miaka hamsini na sita, shungi limeniangukia mabegani.

Langoni alikaa Afande Shaaban, askari Mwislamu anayelinda kanisa letu mwaka wa saba huu. Mbele yake juu ya kizuizi cha saruji palikuwa na glasi ya chai.

"Nipe chai yako!"

"Mama, leo si mmefunga?"

"Nipe, mtu anakufa!"

"Ina vijiko vinne vya sukari, mama, daktari mwenyewe kanikataza..."

"Ndiyo maana naitaka!"

Hakuuliza tena. Akaipoza kwa maji ya chupa yake, akanishikisha, akanitumbukizia mfukoni karatasi ya sukari iliyobaki, akanifungulia mlango kwa bega. "Nenda, nenda!"

Chai ya mnanaa ilinukia kanisani kuliko ubani. Watu waliokuwa hawajanywa hata maji tangu jana yake waligeuza vichwa, na minong'ono ikanifuata mpaka katikati.

"Aibu!"

"Anamfungulisha Ijumaa Kuu!"

"Kichaa kimempata huyu mama?"

Abuna Abadir aliacha kusoma. Mwalimu alikuwa ameanza kuegemea upande mmoja, Yustus amemshika bega. Nikaweka glasi mdomoni mwake. Meno yakafunga.

"Leo Ijumaa," akasema kwa upole uleule wa kutisha. "Hata tone, binti yangu."

Nikajaribu tena, chai ikamwagika kifuani.

"Banub!" Abuna akasema kwa sauti. "Kunywa. Nakuamuru kama padri wako."

Hakujibu. Kichwa kilikuwa kinashuka.

"Tumpeleke hospitali!" Yustus alikuwa karibu kulia. "Leteni gari!"

"Mpaka uvuke daraja amekwisha," nikamwambia. "Mshike kichwa. Mnyanyue."

Nilimwita jina. Nilimpiga kofi dogo la shavu. Nilimwambia, Banub, mkaidi wewe, usiniache na mzigo huu! Hakuna. Alikuwa amekwenda mbali mahali ambapo amri na matusi havifiki. Nikajiuliza ni nini kitakachomfikia mtu huyu huko aliko, na jibu likanijia kutoka mahali nisipopapenda.

Nikainama sikioni mwake, nikaanza kuimba. Niliimba wimbo wa maziko, ule wa Lamii. Niliuimba kama walivyouimba mashemasi siku ile, na nilipofika mahali pale pa kupanda, nikashuka.

Mtu mmoja upande wa wanaume alicheka puani, nadhani kwa hofu. Abuna alinitazama, mkono umeganda juu ya kitabu. Unyusi wa Mwalimu ukatikisika. Nikarudia kwa nguvu zaidi, kwa sauti yangu hii ya mlango usiotiwa mafuta, nikashuka palepale, chini kabisa, makusudi.

Mdomo ukafunguka. "Ina..."

Nikamimina. Nikamshika kidevu kama nilivyofundishwa zahanati, koo likapanda na kushuka. Amemeza.

Nikaimba tena, nikakosea tena.

"Inapa..."

Nikamimina. Akameza. Mara ya tatu, mara ya nne, na kila mara anataka kunisahihisha, na kila mara napenyeza chai kabla hajafika mwisho wa neno. Chai ilipokwisha nikalamba kidole, nikakichovya kwenye sukari ya Afande, nikampaka ndani ya shavu. Sikuwa naona watu. Nilikuwa nasema moyoni, Bwana, zaburi moja tu nilikaa, usinihukumu kwa zaburi moja.

Abuna akaashiria msomaji aendelee. Nikabaki nimekaa sakafuni, kichwa cha Mwalimu begani mwangu, nikimsikiliza anavyopumua. Unabii mzima ukasomwa, ukafuata mwingine. Kisha mwili wake ukajikaza.

"Nani kaimba uchafu ule?" akauliza.

"Mimi."

"Nilidhani punda kaingia kanisani. Inapanda pale! Inapanda! Umekaa na jambo hili miaka mitano na hujalijua?"

Nasikia kanisa zima lilishusha pumzi kwa pamoja. Mimi sikusikia, kwa sababu nilikuwa nalia. Nililia kwa sauti, kilio cha msibani, kile kilichonikwama siku ya Lamii kilitoka chote pale sakafuni, na Yustus akasimama mbele yangu kunisitiri kwa kanzu yake.

"Sasa ndiyo analia," Mwalimu akasema. Akainamisha kichwa upande wangu, na hili alilisema kwa chini, nililisikia mimi peke yangu. "Wengine nawaacha wazikwe kwa wimbo uliokosewa. Yule alinisomea gazeti miaka kumi na moja, hakuwahi kuruka ukurasa. Ningemwachaje azikwe hivyo?"

Nilifuta pua kwa shungi.

"Maharage alikula nani?" nikauliza baadaye.

"Paka."

"Kwa nini, Mwalimu? Unajua ungekufa?"

"Uliubamiza mlango. Ukikaa pale kitini, mimi ni mgonjwa anayelishwa. Nikila peke yangu Ijumaa Kuu, mimi ni mwizi." Kisha akaninyooshea fimbo yake. "Sasa ondoka, upande wa wanaume huu."

Saa kumi na mbili aliuimba wimbo wa kumzika Bwana, amekaa. Lile neno la kwanza alilivuta mpaka nikadhani pumzi itamwishia, na haikumwishia. Nilirudi safu ya tatu. Inshirah kwa mara ya kwanza maishani mwake hakunong'ona.

Jumamosi ya Nuru, watu walipokuwa wanatoka kwenye ibada ya mkesha alfajiri, nilimngoja Abuna mlangoni. Nilimwambia kuhusu zaburi. Nilimwambia yote, hata ile ya kulala mpaka jua lichomoze.

"Na zaburi ilipoisha?" akauliza.

"Niliinuka."

"Basi tutaanzia hapo." Akaniwekea msalaba kichwani, akaniombea. Kisha akasema, "Nimempata yule mtu niliyekuahidi. Mpwa wa Inshirah, muuguzi kamili, ana cheti. Anaweza kuanza kesho."

Msichana mwenyewe alikuwa amesimama kando, nadhifu, na saa kifuani. Mkono wake bila shaka ni mwepesi kuliko wangu. Nilimtazama kwa muda.

"Kudunga atadunga, Abuna," nikasema. "Lakini siku Banub akiwa mpole, huyu si atafurahi?"

Nikaenda zangu mpaka kwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa amekwisha kupandisha mkono wa kanzu. Nikamdunga panapotakiwa, kwa kipimo sawasawa.

"Mchuna ngozi," akasema.

Nikamsogezea maharage na mkate. Nikaenda kukiokota kile kiti nilichokibamiza ukutani. Mguu mmoja ulikuwa umelegea, lakini kiti kilinibeba. Nikakaa mpaka akamaliza punje ya mwisho.